Mtutu wa Kushoto wa Guka Mbuthia

Kwa wananchi wote, wazazi, walimu wa zamu na wafungwa wenzangu wa mabweni: kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natangaza rasmi kwamba duka lenye huduma bora kuliko yote katika jiji la Nairobi ni duka la bunduki.

Mamlaka hayo nilijikabidhi mwenyewe. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne katika shule ambayo sitaitaja ili isiaibike, na bunduki pekee niliyowahi kubeba ilikuwa ya babu yangu, ndani ya begi la turubai, bila risasi, babu mwenyewe akiwa amenishika ukosi wa shati njia nzima. Lakini duka lenyewe nalijua vizuri, na nina sababu ya kulikumbuka.

Liko mjini, karibu na Biashara Street, limebanwa kati ya fundi wa saa na muuza vitambaa. Ukisukuma mlango, kengele ya shaba inalia, na unakutana na harufu ya mafuta ya kitani, ngozi na chai ya tangawizi. Bunduki zimesimama ukutani zikiwa zimefungwa mnyororo mmoja mrefu, kama wanafunzi waliochelewa paredi. Mwenye duka ni Mzee Bhagwanji, mzee mwembamba aliyezaliwa Ngara, ambaye huvaa sweta hata Januari.

Mzee Bhagwanji hakuulizi unataka nini. Anaagiza chai. Ukishakunywa nusu kikombe anatoa utepe wa fundi cherehani na kukupima mkono kuanzia bega hadi kidole, kwa sababu, asema, bunduki ni kama suti: ya mtu mwingine itakuaibisha mbele za watu. Kila bunduki iliyopita mikononi mwake ina kadi yake kwenye droo. Kadi ya babu yangu Mbuthia, ninayemwita Guka, ilifunguliwa mwaka wa 1966, na imeandikwa kila kitu kilichoipata bunduki ile, pamoja na siku ng'ombe alipoikalia na kuvunja kitako.

Wakati mmoja, Guka aliniambia, aliingia mtu mwenye miwani myeusi akitaka bastola upesi, siku hiyo hiyo, kwa sababu jirani yake alikuwa amehamisha ua. Mzee Bhagwanji alimpa chai. Akampa kikombe cha pili, akamuuliza habari za huyo jirani tangu mwanzo, na za mama wa jirani. Baada ya saa mbili yule mtu alitoka na ndoano sita za kuvulia samaki na anwani ya wakili. Huduma ya namna hiyo huipati kwenye maduka makubwa, hata ukiwa na kadi ya pointi.

Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo hata mkubwa wa polisi hakuweza kuiruka. Bunduki haikuvuka kaunta, kwenda wala kurudi, kabla ya watu wawili kuifungua, kuielekeza dirishani na kuchungulia ndani ya mtutu. Anayetoa anatangulia. Akiona mwanga upande wa pili anasema, "Wazi." Kisha anayepokea anachungulia na kusema naye. Bunduki ya Guka ina mitutu miwili, kwa hiyo kila mmoja alisema mara mbili. Na kulikuwa na mkia wa sheria hiyo: mtu asiyeweza kuona ndani ya mtutu wake mwenyewe harudishiwi bunduki.

Guka aliihitaji ile bunduki. Ana ekari mbili za mahindi chini ya Dagoretti Corner, na nyuma ya ua wake kuna msitu wenye tumbili wasio na adabu. Hajawahi kuua hata mmoja. Hupiga hewani mara mbili kwa mwaka, na tumbili huenda kufikiria upya maisha yao kwa miezi mitatu. Bila bunduki, alisema, yeye ni mzee tu anayebishana na tumbili, na tumbili wana hoja nzuri.

Kila Agosti aliipeleka kwa Mzee Bhagwanji kufanyiwa huduma. Agosti ya 2005, nikiwa nyumbani kwa likizo, alisema nimsindikize. Asubuhi, Guka akinyoa ndevu, bibi yangu, Cucu Wanjira, akiwa jikoni, nilichana ukurasa wa jaribio kutoka daftari langu la Jiografia. Nikaandika tangazo fupi upande usio na kitu, nikauviringisha na kuusukuma ndani ya mtutu wa kushoto.

Mpango ulikuwa hivi. Guka angechungulia, akose mwanga, ashangae. Mzee Bhagwanji angeitoa karatasi, aisome, acheke. Na Tara angecheka. Tara ni mjukuu wa Mzee Bhagwanji, alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiye aliyekuwa akijaza zile kadi siku hizo, na hakuwahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Nakiri kwamba operesheni nzima ilimlenga yeye.

Tulifika, tukanywa chai, tukapimwa mikono. Kisha Guka akaifungua bunduki, akaielekeza dirishani, akachungulia mtutu wa kulia.

"Wazi," akasema.

Akahamia wa kushoto. Nikauma ulimi ili nisicheke. Alichungulia kwa muda ule ule, kwa utulivu ule ule wa miaka yote.

"Wazi," akasema, akaisogeza bunduki mbele ya Mzee Bhagwanji.

Hakuiona karatasi. Nilikumbuka kwamba wiki hiyo nzima Guka alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe na kusingizia birika. Nilikumbuka kwamba asubuhi ile alimsalimia Mukonyo, jirani yetu kwa miaka kumi, kwa jina la kaka yake Mukonyo aliyekwisha kufa.

Mzee Bhagwanji alichungulia wa kulia, akasema wazi. Alichungulia wa kushoto mara mbili. Aliilaza bunduki juu ya kitambaa, akachukua ufito wa kusafishia, akausukuma polepole. Kilichotoka alikipokea kiganjani na kukitia mfukoni mwa sweta bila kukionyesha kwa mtu.

"Mbuthia," akasema, "umesema wazi."

"Nimesema."

"Haikuwa wazi."

Guka alinyoosha mgongo. "Basi sikuangalia vizuri."

"Miaka thelathini na tisa unaangalia vizuri. Jicho gani?"

Guka aliweka kiganja juu ya kaunta. 

"La kulia," akasema. "Na la kushoto linalifuata."

Hapo ndipo yote yalipotoka. Alikuwa ameficha kwa mwaka mzima. Kaka yake, Jamleck, alipasuliwa jicho zamani, akarudi nyumbani na giza zaidi ya lile aliloondoka nalo, na Guka aliapa kwamba hakuna daktari atakayemgusa. Alijua akienda hospitali atapasuliwa, na asipoenda atanyang'anywa bunduki, kwa hiyo alichagua kutochagua. Aliyasema haya akiitazama kaunta, na mimi niliitazama pia.

Mzee Bhagwanji hakumhubiria. Alivua miwani, akainama, akamsogezea uso. Alisema jicho lake mwenyewe la kulia lilipasuliwa mwaka jana hapo Upper Hill, kazi ya asubuhi moja, akarudi nyumbani kula mchana.

"Kabla ya hapo nilikuwa naona Mbuthia watatu," akasema. "Sasa naona mmoja. Na huyo mmoja ananitosha sana."

Guka alicheka bila kutaka.

Bunduki ilibaki dukani. Mzee Bhagwanji alisisitiza kwamba haijanyang'anywa, inangoja. Halafu akamwambia Tara aandike kibao kwamba Jumanne duka litafungwa, kwa sababu angempeleka Guka hospitali mwenyewe. Tara alimtazama mara mbili. Duka lile halikufungwa hata siku ya harusi ya baba yake.

Tulipokuwa tunaondoka, Mzee Bhagwanji alisema, akitazama dirisha na si mtu, kwamba mwaka wa 1971 kuna mkulima alipiga risasi mtutu ukiwa umezibwa na tope, na tangu siku hiyo akawa akihesabu hadi saba tu. Nilitazama vidole vya Guka vikifunga kitufe cha koti. Vilikuwa vyote.

Nilirudi shuleni Septemba. Mimi, ambaye huchukua sifa hata kwa mizaha ya wenzangu, nilinyamaza kama kaburi. Sikuogopa kiboko, kiboko nimezoeana nacho. Niliogopa Guka adhani kwamba nilijua kuhusu jicho lake na nikamtegea mtego mbele ya rafiki yake. Nyumbani, Cucu alinisimulia kwa simu, tumbili walikula mistari minne ya mahindi, na mmoja alikalia kiti cha Guka. Lakini pia alinisimulia kwamba jicho la kulia lilikuwa limepasuliwa, kitambaa kikatolewa, na Guka akamtazama kwa dakika nzima kisha akamwuliza tangu lini ana mvi.

Desemba mimi na Guka tulirudi mjini. Kwanza tulipitia Kenyatta Market, Guka akachagua mbavu mwenyewe na kumwonyesha mchomaji kipande alichojaribu kukificha chini ya vingine. Nilijua basi kwamba mambo ni mazuri.

Dukani kengele ililia, chai ikaja, mikono ikapimwa. Safari hii Mzee Bhagwanji ndiye mtoaji, kwa hiyo alitangulia. Wazi, na wazi. Guka akaipokea, akaielekeza dirishani. Niligundua kwamba nimeshikilia kaunta kwa mikono miwili.

"Wazi," akasema. Akahamia wa kushoto. Alikaa sana. "Wazi. Lakini kuna doa la kutu, upande wa chini, karibu na mwisho."

Mzee Bhagwanji alichungulia tena. Alichungulia sana.

"Lipo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi. "Tara, andika. Doa la kutu. Ameliona Mbuthia."

Tara aliivuta kadi ya 1966. Nyuma ya kadi hiyo palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na kubanwa kwa pini. Niliifahamu kwa mistari yake.

"Daktari ana herufi zake za ukutani," Mzee Bhagwanji akamwambia Guka. "Mimi pia nina zangu. Nilizitunza mpaka utakapoweza kuzisoma mwenyewe."

Guka aliifungua, akaisogeza kwenye mwanga. Alisoma polepole, kwa sauti, kama anasoma kanisani.

"Tangazo kwa umma. Mtutu huu umefungwa kwa matengenezo. Wateja wanaombwa kutumia ule mwingine. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Kwa amri ya Mkurugenzi."

Kwa mara ya kwanza katika historia, Tara alicheka. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miaka miwili na sikuweza kuifurahia hata kidogo. Nilijaribu kusema kwamba mwandiko wa namna hiyo ni wa kawaida sana nchini. Guka aliigeuza karatasi upande wa pili.

"Ndungu Dan," akasoma jina langu. "Kidato cha Tatu Mashariki. Jiografia." Akaisogeza karibu zaidi na dirisha, ingawa alikuwa anaona vizuri kabisa. "Uliniambia ulipata ishirini na saba."

Nilisimama wima, mikono pembeni, kama paredi.

"Ni mimi, Guka," nikasema. "Sikujua kuhusu jicho. Nilitaka mcheke tu, nyote, na baadaye nikaogopa kusema. Na Jiografia nilipata saba."