Kichina cha Nkunga

Ambindwile wa Nkunga aliuza ng'ombe wawili ili binti yake Ikupa akasome Kichina chuo kikuu. Kijiji kilicheka, tena bila kujificha. "Kichina! Atakuja kuisalimia migomba?" alidakia jirani yake Amoni, mwenyekiti wa wakulima wa parachichi. Ikupa alihitimu, akakaa nyumbani mwaka na nusu, kila barua ya maombi ya kazi ikienda bila jibu. Kila asubuhi Amoni hakukosa neno la kumchoma mzee. Ambindwile alichukua jembe lake akaenda shambani.

Basi msimu huu akaja mnunuzi kutoka China, Bwana Liu, mkalimani wake kabaki Mbeya anaumwa. Na watu wa Nkunga nao, kwa usafi! Mgeni atapewaje kitu cha vumbi? Walikuwa wamechuma maparachichi, wakang'oa vikonyo vyote, wakayaosha na kuyapaka mafuta ya kupikia mpaka yakang'aa. Bwana Liu alishika moja, akalinusa, akatikisa kichwa, akaelekea kwenye gari.

Mavuno yote yalikuwa yanaondoka na gari lile. Amoni alimgeukia Ambindwile, jasho linamtoka. "Baba Ikupa, jamani, binti yuko wapi?"

Ikupa alikuwa uani, akiwapikia wageni. Alikuja mbio, kanga kiunoni, mikono ina unga, akaanza kuongea. Weee! Kichina kilimtoka mpaka mgeni akausahau mlango wa gari. Alimweleza kwamba mafuta yale ni heshima, si hila, na kwamba mitini yamebaki mengi, yatakatwa sasa hivi mbele ya macho yake, na vikonyo vyake ili yasioze njiani. Bwana Liu akacheka, akavua koti, wakaingia shambani. Hadi saa saba mchana walikuwa wamekubaliana, na Ikupa ameombwa aanze ukalimani Jumatatu.

Wakati wa kuagana mgeni aliuliza jambo. Ikupa alijibu huku akimwonyesha baba yake kwa kidole.

"Kasema nini?" Amoni akauliza.

"Kauliza nani amenifundisha Kichina kizuri hivi. Nimemwambia, ng'ombe wawili wa baba."

Ambindwile alimshika binti yake mkono, akasema "ndaga," yaani asante mwanangu. Machozi yalimtoka mbele za watu na wala hakuyafuta.

Amoni alivua kofia. "Ndugu yangu," alisema taratibu, "Lugano wangu anamaliza kidato cha sita mwakani. Ng'ombe ninao."