Alama Moja Juu ya Ng'ombe

Kosa hili nililitenda nikiwa na akili timamu, siku ya Jumanne, sebuleni kwa mama mdogo Dafrosa, Jakobsberg, huko Uswidi. Chombo kilichotumika ni kalamu nyeusi.

Mama mdogo aliingia dini ya Kiyahudi alipoolewa, na binti yake Anitha, wa miaka kumi na miwili, alikuwa akijiandaa kughani Torati kwenye sinagogi, mbele ya watu wote. Kila neno la Kiebrania kwenye fotokopi yake lilikuwa na alama ndogo, juu au chini: hapa sauti ipande, hapa ishuke, hapa upumzike. Mimi, niliyemaliza miaka mitatu ya shule ya bweni Iringa na kukamatwa kwa utundu mara nne tu, nilisoma karatasi ya maelezo nikakuta alama moja iliyopindapinda kama radi. Inaitwa shalsheleti, yaani mnyororo. Sauti hupanda na kushuka mara tatu, ikitetemeka. Katika Torati nzima imo mara nne.

Niliona huo ni uchoyo. Nikaongeza ya tano.

Niliiweka juu ya neno "ng'ombe", kwa kuwa kifungu cha Anitha kilikuwa sheria ya ng'ombe anayepiga watu pembe. Nilitegemea mwalimu wake, Bi Elise, ataigundua Alhamisi, tucheke, yaishe. Bi Elise akaugua mafua wiki tatu. Anitha akajifundisha mwenyewe, na kila jioni ng'ombe yule alilia nyumba nzima.

Jumatano ya wiki ya mwisho niliingiwa na hofu, nikaifuta alama kwa wino mweupe. Jioni ng'ombe akalia vilevile.

"Kwani hutazami karatasi?" nikamuuliza.

"Ya nini? Gombo lenyewe la sinagogi halina alama hata moja, kaka Deo. Hata irabu hazimo. Herufi tupu. Lazima zote uwe nazo kichwani."

Habari hiyo sikuwa nayo. Nikaungama.

"Är du dum?" Anitha akikasirika huhamia Kiswidi; alitaka kujua kama mimi ni mjinga.

"Kiasi."

"Watu mia mbili, Deo! Na bibi atakuwa mstari wa mbele!"

"Kaka" ilikuwa imeshaondoka. Akajaribu kulighani neno kwa ufupi. Mnyororo ukatoka. Akajaribu tena, ukatoka na machozi.

Nikampigia simu Bi Elise, nikasema yote. Alikohoa, akakohoa tena.

"Kuna desturi ya zamani," akasema. "Anayesimama kando ya msomaji humwonyesha sauti kwa mkono. Babu yangu alikuwa akifanya hivyo. Kwenye ng'ombe nitashusha kiganja. Lakini lazima azoee ishara hiyo, na atakayemzoeza ni wewe. Mara mia."

Tulifanya mara mia. Mimi kiganja chini, yeye ng'ombe mfupi. Hadi ya sitini ng'ombe alikuwa akitoroka na mnyororo mara moja kwa kila tatu. Hata ya mia alitoroka.

"Nitaaibika," Anitha akasema, akaenda kulala.

Jumamosi nilikaa mstari wa pili nikiwa na kofia ya kuazima kichwani, na theluji ikiyeyuka ndani ya viatu. Anitha alianza vizuri. Bi Elise alikuwa kando yake, mkono ukingoni mwa gombo. Neno likafika. Kiganja kikashuka. Nikaona shingo ya Anitha ikianza kunyooka, kama inavyofanya kabla ya mnyororo, halafu ikatulia. Ng'ombe akapita, mfupi, wa kawaida kabisa. Hakuna aliyegeuka. Bibi yake aliendelea kufuata kwenye kitabu kwa kidole.

Baadaye kwenye keki Anitha alinijia akiwa amejaa pongezi za watu.

"Mama bado hajui," akaninong'oneza. "Utamwambia wewe. Nakupa mpaka keki yako iishe."

Sijawahi kula keki polepole namna ile. Ilipobaki nusu, akaninyang'anya sahani.