Kikohozi cha Mama Kule Olasiti

Baba alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma mwaka 1994, alichukua kiinua mgongo chake akajenga Olasiti, kwenye vumbi. Mama akabaki kwetu mlimani, juu ya Olmotonyi, kwenye migomba, ukungu na kifua kilichombana kila masika. Daktari alimshauri ahamie penye ukavu. Mama akamjibu kwamba nyumba isiyo na migomba ni ghala, na yeye si gunia la mahindi.

Baada ya kubembelezwa sana alikubali kujaribu kiangazi kimoja tu. Mimi Elifuraha, kifungua mimba wao, nilimsindikiza, nikawa shahidi.

Siku ya kwanza alifua, akaweka kigoda karibu na kamba ili mvua ikija aanue upesi, kama tulivyozoea kwetu. Shuka zikakauka kabla hajamaliza kuwasema majirani aliowaacha mlimani. Hilo lilimuudhi. Maharage nayo yalikauka upesi, mahindi hayakuota ukungu, viatu havikuona tope. Mama aliyaruka hayo yote, akashika mengine: midomo imepasuka, visigino vimechanika, mchicha umenyauka, na maji yanaletwa na punda, tena punda mwenyewe mvivu. Akimwaga maji ya vyombo mlangoni kwa mazoea, Baba anapiga kelele utadhani yamemwagika maziwa.

"Na kifua je, Mama Elifuraha?" Baba aliuliza kila jioni.

Hapo Mama alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa na adabu ya ajabu: mchana kutwa kilinyamaza, kikimngoja Baba aingie. Mimi niliona, nikafunga mdomo. Maskini Baba alianza kukonda, maana kifua kisipopona Mama angerudi kwenye migomba yake, na yeye angebaki peke yake na ile nyumba mpya.

Jumapili tulikwenda kanisani. Baada ya ibada, kama ilivyo kawaida yetu Walutheri, sadaka za mazao zikatolewa nje kunadiwa. Yakaja mayai, akaja jogoo, halafu ukaja mkungu wa ndizi kutoka mlimani. Mama akanyanyuka. Bahati mbaya mzee Lemburis, mwenye bucha, naye aliutaka.

"Naongeza!" akasema Lemburis.

"Naongeza!" akaitikia Mama kutoka nyuma kabisa.

Wakapandishana hivyo hivyo, Mama akipaza sauti mpaka wanakwaya waliokwisha kuondoka wakarudi kutazama. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu niko shule ya msingi. Lemburis akainua mikono, watu wakapiga makofi. Ndipo Mama akaona Baba anamtazama, naye akakumbuka kukohoa.

"Kimechelewa, Mama Elifuraha," Baba akasema.

Nilitaka kucheka, lakini Mama alikuwa analia.

"Baba Elifuraha, nikisema nimepona, ndiyo nimeshahama. Kule nimezalia watoto wangu wote. Hapa sijui nitakuwa nani. Naogopa."

Baba aliuinua mkungu akauweka begani, utomvu ukimchafulia koti la Jumapili.

"Basi usipone," akasema. "Wewe kohoa tu kila jioni. Ila ukohoe hapa."

Mama akajifuta uso kwa kanga, akamwambia atembee taratibu, ndizi zisichubuke.