Mchicha wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Apolonia, aliishi kwetu Grand Prairie kiangazi kizima bila mimi kumwona akielekea msalani. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Kwetu Sengerema mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana: hawapeani mikono, hawali sahani moja, na habari za choo hazitajwi kabisa. Alikuja Texas na heshima yake yote, akakuta nyumba yetu ina choo kimoja, na mlango wake unatazamana na kochi ninalokaa mimi.

Na nilikuwa nakaa kweli. Nilifanya zamu ya usiku kwenye ghala, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa hapo, mara nasinzia, mara naangalia mpira. Mke wangu Glory huhudumia wazee majumbani kwao. Alitoka asubuhi, akarudi jioni. Kabla ya kutoka alimwekea mama yake chupa kubwa ya maji mezani na kumsihi ainywe, maana joto la Agosti ile ya 2018 halikuwa na utani. Jioni aliikuta tupu, akafurahi.

Mama alikuwa amekuja kwa ubatizo wa binti yetu, Ella. Na ngoja niwaambie huyu mama ni nani. Parokiani kwao aliongoza kwaya tangu Glory hajazaliwa. Akianzisha wimbo, wanaume wazima wanakaa vizuri kwenye mabenchi. Wenzetu wa misa ya Kiswahili walimwomba aimbe siku ya ubatizo, naye akakubali kama mtu anayepewa haki yake. Mimi nilikuwa nimeshatamba naye kazini mpaka watu wakawa wananikimbia.

Kisha akaanza kupotea. Alimwita Glory kwa jina la dada yake marehemu. Alitia chumvi kwenye chai. Kwenye mazoezi ya kwaya alianza ubeti wa pili, akakwama katikati, akatutazama kama watu asiowajua.

Kaka yake Glory, Absalom, anayeishi Houston, alisikia hayo kwenye simu na kukata shauri huko huko. Alisema mama amezeeka, akili imechoka, asisimamishwe mbele za watu akaaibika. Angekuja Jumamosi kwa ubatizo, kisha aondoke naye hadi Houston ampandishe ndege arudi nyumbani. Glory alilia. Mimi nilikasirika, ila mkwe hana sauti kwenye mambo kama hayo. Mama alikuwa amesikia kila neno, maana simu ilikuwa na sauti kubwa. Tangu siku hiyo hakuimba hata jikoni.

Jumatatu akaanguka karibu na jiko.

Hospitali walimtundikia dripu, na kufikia jioni alikuwa anatutaja wote kwa majina na kulalamikia mto. Daktari alisema mwili wake ulikuwa umepungukiwa maji sana. Alituambia kwamba mtu akizeeka kiu hupungua. Anaweza kukauka bila kuhisi, na mwili ukikauka akili nayo inavurugika. Kwa hiyo anywe kidogo kidogo siku nzima, asisubiri kiu. Glory alibisha: chupa aliikuta tupu kila siku. Absalom aliposikia hivyo akasema basi, si maji, ni uzee, na tiketi ameshakata.

Usiku ule walituruhusu kurudi naye nyumbani. Kesho yake nilitoka kwenye kibaraza chetu cha juu kupunga upepo ambao haukuwepo. Maua ya majirani yote yalikuwa yameungua kwa jua. Mchicha wa mama, alioupanda kwenye ndoo, ulikuwa na majani mapana kuliko kiganja changu. Nikagusa udongo, bado una unyevu wa jana. Glory hamwagilii, na mimi ndiyo kabisa. Nikageuka, na kupitia kioo nikaliona kochi langu, na ule mlango.

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Glory alitaka kumweka mama kitako amwambie waziwazi. Nilikataa. Mtu mzima havuliwi heshima yake eti anywe maji. Badala yake nilisema kwa sauti ya kufika chumbani kwake kwamba gari langu linasumbua, itabidi nishuke kuliangalia mara kwa mara, na nikirudi nitakuwa nakohoa ngazini kwa sababu ya vumbi. Gari lilikuwa zima, na vumbi lenyewe halikuwepo. Jumatano nilishuka na kupanda siku nzima. Jirani yetu Mrundi, Balthazar, alinihurumia akaja kunisaidia kutafuta ubovu, tukainamia injini nzima kabisa, wawili, jua la utosi.

Jioni chupa ilikuwa tupu, na udongo wa mchicha ulikuwa mkavu. Sijawahi kufurahia mboga inayonyauka kama siku ile.

Alhamisi mama akaimba jikoni. Jumamosi, Absalom akiwa benchi la mbele na suti yake, alisimama akaimba beti zote. Kwaya ilipoteleza kwenye ubeti wa tatu, aliwangoja, akawachukua, akawarudisha mahali pao. Nilitaka kumwambia kila mtu kanisani kwamba yule ni mkwe wangu, na nadhani niliwaambia kadhaa.

Baada ya misa tulikula ukumbini. Absalom alivuta kiti karibu na mama na kuanza kumweleza habari za safari. Mama alikuwa anakunywa maji, hana haraka. Alipomaliza aliniita, mbele ya wote.

"Baba Ella, njoo."

Kina mama wa kwetu waligeuka kutazama. Nilikwenda nikiangalia chini. Akanipa glasi mkononi, mkono wake ukigusa wangu.

"Gari lako limepona?"

"Limepona, Mama."

"Basi nishikie hii. Naenda msalani. Nikirudi niikute imejaa."

Akainuka, akapita katikati ya ukumbi, mgongo umenyooka, mpaka mlangoni, nami nikimwona. Absalom alianza kuniuliza kuhusu tiketi. Nilimwomba asogee, kwa sababu alikuwa amekaa kati yangu na jagi la maji.