Zabuni Yenye Mwenyewe

Kanuni za mji wetu wa Marlock zinataka kila tangazo la zabuni libandikwe mahali patatu pa hadhara: ukumbi wa mji, posta, na dukani kwangu. Zinataka lisomeke. Hazisemi lisomwe na nani. Kwa hiyo Royce Farnham, mwenyekiti wa halmashauri, huja mwenyewe na pini zake, akalibandika nyuma ya friji ya maziwa, chini ya tangazo la paka aliyepotea. Paka huyo alishapatikana, akazaa, akafa. Nami Royce akishatoka hulibandua nikalihamishia mlangoni, naye akirudi kununua sigara hulirudisha nyuma ya friji. Tumeishi hivyo miaka mingi bila kugombana.

Zabuni ya kusafisha theluji hutoka kila baada ya miaka mitatu, mwezi wa Septemba, wakati majani ya Vermont yanageuka mekundu na watu wa Boston wanakuja kuyapiga picha. Mwaka huu niliisoma yote nikiwa nimesimama, nikacheka mpaka mteja mmoja akaniuliza kama naumwa. Mzabuni awe na magari mawili makubwa ya kukwangua theluji, moja likiwa la rangi ya chungwa. Awe na karakana yenye joto isiyozidi maili moja kutoka ukumbi wa mji, na karakana hiyo iwe na milango mitatu inayotazama kusini. Ardhi yake ya Marlock iwe imelipiwa kodi miaka ishirini mfululizo. Rangi ya chungwa inakwanguaje theluji vizuri kuliko nyeupe, tangazo halikueleza.

Mji mzima una gari moja tu la rangi hiyo na karakana moja tu ya milango mitatu, na kila siku anayeonekana akiingia na kutoka humo ni Wendell Thibault. Royce angeandika jina la mtu akatuokolea wino. Shida yake ilikuwa ndugu wawili wa ng'ambo ya mlima, akina Bouchard, wenye magari meupe na bei nafuu, ambao kila zabuni ikitoka wanapiga hodi. Masharti yale yalikuwa ya kuwafungia mlango. Wendell naye hakuwa mchoyo wa fadhila. Njia ya kuingilia kwa Royce, ndefu utadhani anakaa balozi, ilikuwa ikisafishwa kabla ya barabara ya shule, na mchanga wa kuzuia utelezi uliomwagwa pale ulikuwa wa mji. Mkono mtupu haulambwi, hata huku kwetu.

Ningecheka nikaendelea na biashara yangu kama si mambo ya Kettle Hill. Juu ya kilima hicho anakaa Ardis, mama mzazi wa Wendell, pamoja na mume wake wa pili, Orrin Kimball. Orrin figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki lazima ateremke kwenda hospitali akasafishwe damu kwa mashine, na akikosa, maji yanamjaa mwilini. Februari iliyopita ilikuja dhoruba ambayo bado tunaisimulia. Mkataba wa barabara ulikuwa wa Wendell, na Kettle Hill ni barabara ya mji kama nyingine. Ardis alimpigia simu mwanawe, akaambiwa nakuja. Akapiga tena, akaambiwa nakuja. Kumbe bwana mkubwa alikuwa kwenye hoteli ya watelezaji wa theluji, anasafisha uwanja wa magari kwa malipo ya pembeni. Wendell hajawahi kumpenda Orrin tangu siku alipomwoa mama yake, na barabara ya baba wa kambo ilikuwa ya mwisho siku zote.

Hatimaye tulimteremsha Orrin majirani wanne, tukamlaza juu ya ubao wa plastiki ambao watoto hutelezea. Mimi nilishika kamba ya mbele. Uso ulikuwa umemvimba hata macho hayaonekani, na njia nzima alikuwa akituomba radhi kwa kuwa mzito. Nilikuwa na hasira siku ile ambayo sijui niiweke wapi. Daktari alimwambia Ardis bila kuzunguka kwamba safari nyingine kama ile, mzee hatoki hai.

Ndiyo maana mwaka huu Ardis alikuwa na jambo moja tu kichwani, majira ya baridi yanayokuja. Septemba hiyo hiyo alimwomba Wendell aianze Kettle Hill kabla ya barabara nyingine. Wendell alimjibu kwamba barabara ipi ianze na ipi imalizie ni uamuzi wa mwenye mkataba, asimwingilie kazi.

Lakini mwenye mkataba mtarajiwa alikuwa na tatizo. Kanuni zinasema bahasha zikipungua tatu, zabuni inarudiwa, na kabla ya kurudiwa masharti yake yanapitiwa na wakili wa mji. Wakili wa mji ni mtu wa maswali mengi. Kwa hiyo Wendell alihitaji wasindikizaji wawili, watu wa kutaja bei kubwa ili yake ionekane ndogo. Wa kwanza akamchukua Gaylon Peck, mwenzake wa bia, ambaye ana kigari kimoja chenye bamba la kukwangulia lililoliwa na kutu. Fomu ya Gaylon aliijaza Wendell mwenyewe. Akaona sasa mwandiko mmoja kwenye bahasha tatu utaleta maneno, akabeba fomu ya tatu mpaka kwa mama yake, akakaa mezani na kukatiwa mkate wa tofaa. Kisa hiki nilihadithiwa na Ardis mwenyewe.

"Andika laki moja na arobaini elfu, Mama, utie sahihi, ufunge. Ni mambo ya makaratasi tu."

"Na nikishinda?"

"Huwezi kushinda, Mama. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akala kipande cha pili, akaondoka. Ardis aliiangalia ile fomu muda mrefu. Orrin akamwambia aachane nayo, mtoto ni mtoto. Ardis akamwambia akalale. Siku ya pili aliileta bahasha dukani kwangu ili karani wa mji aichukue, na alikuwa ameifunga kwa gundi, kisha kwa utepe wa nailoni, kama mtu anayefunga maiti.

Bahasha hufunguliwa hadharani, jioni, kwenye ukumbi wa mji. Hadhara kwa kawaida ni mimi na birika langu la kahawa. Safari hii walikuwepo wajumbe wawili wa halmashauri, mmoja mama mwenye sindano zake za kufuma, mwingine mzee ambaye huzungumza akiamshwa. Alikuwepo Nadine, karani wetu, mwenye mkasi. Wendell alikaa mbele amekunja nne, kofia mkononi, tayari kupongezwa. Ardis na Orrin waliingia wakakaa nyuma, na Wendell aliwapungia mkono kwa furaha. Alidhani mama yake amekuja kumshangilia.

Nadine akakata bahasha ya kwanza. Gaylon Peck, dola laki moja na thelathini na moja elfu. Ya pili, Wendell Thibault, laki moja na kumi na nane elfu. Royce alikwisha kushika kalamu. Ya tatu ilimpa Nadine kazi kwa ule utepe. Alipofanikiwa akaisoma, akaisoma tena kimoyomoyo, kisha akaitangaza: Ardis Kimball, dola elfu themanini na tisa.

Wendell aligeuka na kiti chake. "Mama amekosea. Amesahau tarakimu."

"Sijasahau kitu," Ardis alisema.

Royce akaingia kwa upole ule wake wa kanisani. Akasema wote tunamheshimu Bi Ardis, lakini zabuni ina masharti, na masharti si mchezo. Ardis akamwomba Nadine ayasome basi, moja moja, ili na sisi tulioko nyuma tusikie.

Nadine akasoma la magari mawili, moja la rangi ya chungwa.

"Hayo magari ni ya Wendell," Royce alisema.

"Ni yangu, Royce. Siku ya kuandikishana wewe ndiye uliyetia sahihi ya shahidi. Ulisema wakili wa Tammy asikute hata spana kwa jina la Wendell."

Hakuna Marlock asiyejua habari hiyo. Wendell alipokuwa akiachana na mkewe Tammy, alihamishia kila kitu kwa mama yake ili mwanamke yule atoke mikono mitupu, na kweli akatoka mikono mitupu. Tulijua, tukanyamaza, na talaka ikaisha. Mali haikuwahi kurudi kwa Wendell, kwa sababu Tammy bado anakaa bonde la pili na wakili wake bado yu hai. Lakini kujua jambo ni kimoja, na kulimwaga mbele ya karani anayeandika kumbukumbu za kikao ni kingine. Royce aliomba maji.

Nadine akasoma la karakana. Karakana ile ni banda la ng'ombe la marehemu Thibault, baba yake Wendell, liko chini ya kilima, na hati ni ya mjane wake, Ardis. Akasoma la kodi ya ardhi, miaka ishirini. Hapo Ardis alimwangalia mwanawe. Nadine naye, kwa sauti ya kikazi kabisa, akamwuliza Wendell analipa kodi ya ardhi ipi. Wendell anakaa kwenye nyumba ya magurudumu, uani kwa karakana ya mama yake. Hana ardhi hata ya kupandia kitunguu.

Nilijizuia nisicheke nikamwaga kahawa. Royce alikuwa amekesha anashona kanzu ya mtoto, akapima kila mahali, kumbe vipimo vyote ni vya mama. Gaylon haimwingii. Akina Bouchard haiwaingii. Wendell mwenyewe haimwingii. Mtu mmoja tu katika dunia nzima alitimiza masharti yale ya kipuuzi, naye alikuwa amekaa nyuma na mkoba mapajani.

Royce hakukata tamaa upesi. Akapendekeza zabuni ifutwe itangazwe upya, kwa kuwa, alisema, pengine masharti yalikuwa makali mno. Mama wa sindano, ambaye hakuwa ameinua macho jioni nzima, akamwambia ni sawa kabisa.

"Tumpelekee wakili ayapitie," alisema. "Mimi mwenyewe nataka kumsikia akikuuliza habari ya rangi ya chungwa."

Royce alifikiri. Ilikuwa raha kumwona akifikiri. Kisha akasema kwamba, kwa kuheshimu muda wa wananchi, wapige kura, na mzee akaamshwa, na kura zote tatu zikamwendea Ardis.

Huko nje Wendell alimsimamisha mama yake karibu na gari. Alilalamika kwamba ameaibishwa mbele za watu, kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba bei ile ni ya kujinyonga. Ardis akamwambia bei ile inalipa mafuta, chumvi ya kuyeyushia barafu, mchanga na dereva mmoja wa kulipwa kwa saa, na kama anamjua dereva mzuri amlete. Wendell akamwambia yeye hawezi kuajiriwa na mama yake. Ardis akasema sawa, aziache funguo. Hakuziacha. Wiki iliyofuata alikuwa karakanani anapaka bamba grisi, maana nje ya magari yale hakuwa na kazi nyingine.

Tangazo la nani kashinda lilibandikwa nyuma ya friji. Nililihamishia mlangoni, na safari hii Royce hakulirudisha. Desemba alinunua sepeto. Njia ya nyumbani kwake si barabara ya mji, na mwenye mkataba mpya hakuiona kwenye ramani. Nilimwuzia bila kumpunguzia hata senti.

Dhoruba kubwa ya kwanza iliangukia Alhamisi, na Alhamisi ndiyo zamu yangu ya kumpeleka Orrin hospitali. Asubuhi nilitoka nikiwa nimeandaa kamba, kwa mazoea ya woga. Nilipofika chini ya Kettle Hill nikalikuta lile gari la rangi ya chungwa limekwisha kuanza kupanda, theluji inamwagikia pembeni. Nikaingia nyuma yake, nikapanda naye taratibu mpaka juu.

Ardis alikuwa kizingitini na Orrin amevaa koti. Tulimsaidia kuingia kwenye gari langu. Wendell aliegesha pembeni, akateremsha kioo, akatuangalia. Nadhani alitaka kuambiwa ahsante.

"Mama," alisema, "ujue mimi ningekuja tu. Hata bila haya mambo ya mkataba."

Ardis alikuwa ameinama ndani ya gari langu, anamfunga mumewe mkanda. Hakugeuka.

"Mwaka jana mkataba ulikuwa wako," alisema.

Wendell alikaa na kioo wazi, theluji inamwingilia. Kisha akakipandisha, akageuza gari, akatangulia mbele yetu, polepole, bamba likiwa chini mpaka tulipofika barabara kuu.