Foleni Mbili Wodini

Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, mama alikuwa akimkanda binti yake mguu kwa taulo la maji moto. Mama mkwe alisimama miguuni pa kitanda, mkoba kwapani, kama mtu anayesubiri basi.

"Selimundu kwetu hatuijui," alisema. "Umekuja nayo wewe. Mkitoka hapa, wewe na mwanao mshike njia ya kwenu."

Mume alitazama dirishani. Mama aliichukia shingo ile iliyogeuzwa.

Mara akaingia mtu wa maabara, amenuna. Alikuwa ameweka tone la damu ya mtoto kwenye hadubini, akaona chembe zilizopinda, kisha wenye damu yao wakaanza kutoka humo mmoja mmoja.

"Wamejaa mpaka mlangoni," alisema. "Nimewaambia waje kwa watu wao. Mimi nina kazi."

Wakaingia wafu, vumbi magotini, vifurushi vichwani, watu waliohamahama mabonde na mito tangu enzi na enzi. Nesi akawaamuru waache majembe nje na wapange foleni. Wakapanga mbili: moja ikaishia kwa mama, nyingine kwa mama mkwe. Huko nyuma kabisa, nje ya geti, zote zilianzia kwa bibi kizee mmoja.

Bibi akaja mbele, akashika goti la mtoto. "Homa ya mbu ilinimalizia watoto, akabaki mmoja tu, mwenye damu hii. Ukiirithi kwa mzazi mmoja, inakukinga. Kwa wote wawili, ndiyo haya. Pole, kijukuu."

Wodi nzima ikamgeukia mama mkwe. Naye, adabu ni adabu, mkubwa hapitwi kimya.

"Shikamoo, bibi," ikamtoka.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Lo! Ulimi umeponza kichwa.

"Mume wangu, umesikia?" mama akasema. "Tumempa wote wawili."

Mume akakohoa, akamtazama mama yake.

"Umekuja wakati mzuri, bibi," mama mkwe akasema. "Jumamosi mwanangu anaoa tena. Safari hii hatubahatishi. Ni binti wa kaka yangu, damu yetu wenyewe."

"Hongereni," bibi akasema.

Akakiendea kitanda cha jirani, kilichokuwa kitupu, akakitandika shuka, akamwomba nesi mto mdogo wa kulalia. Nesi akauliza mgonjwa yuko wapi.

"Bado hajazaliwa," bibi akasema, na nesi akaenda kuutafuta.