Buti za Mbuni za Don Gumaro

Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima, Casilda Orpinel alikuwa amekaa mlangoni mwa karakana yake akisafisha buti za mchunga ng'ombe mmoja, aliyezivaa msimu mzima bila kuzionea huruma. Ngozi ilikuwa ya ndama, nayo ndama husamehe mengi. Ukiipangusa vumbi kwanza kwa brashi kavu, ukaipa sabuni kidogo, ukaiacha ikauke kivulini mbali na jiko, kisha ukaipaka mafuta taratibu kwa kidole, inarudi kuwa mtu. Sabuni ilihitaji kikombe cha maji. Casilda alikuwa na kikombe hicho hicho kimoja tangu asubuhi, na maji yake yalishageuka tope.

Pale Tres Jarros maji yalikuwa ya kupimiana. Kisima cha kijiji kilikauka mwaka juzi, muda mfupi baada ya Don Gumaro Olivas kuchimba visima virefu vya mashine nyuma ya kilima na kupanda miti ya pekani, zile kokwa za kuuza mjini, mpaka macho yachoke. Lori la wilaya lilileta maji mara moja kwa wiki. Afisa aliyekuja na lori alishasema kwamba kijiji kisipopata maji yake kufikia Juni, watu wote watahamishiwa kwenye vijumba vya serikali kandokando ya jiji. Casilda alikuwa na mume makaburini, na karakana aliyoachiwa na mume huyo, na hakuwa na nia ya kumwacha marehemu Hermilo peke yake katika vumbi lile.

Gari la Don Gumaro lilisimama nje kabla kikombe hakijaisha. Alishuka, na alipokanyaga chini buti zake zilitoa sauti ya mtu anayesukutua.

"Mama Casilda, hizi zinavuja."

"Kaa, Don. Zinaingiza maji?"

"Maji ya kuingiza yatoke wapi na ukame huu? Yanatokea humo ndani. Nazivaa kavu, natembea kidogo tu, zimejaa."

"Tangu lini?"

"Tangu tuwashe ile pampu mpya."

Casilda alimsogezea kibao chenye pengo la kuvulia buti. Don Gumaro alibana kisigino, akavuta mguu, na maji yakamwagika beseni zima kutoka kwenye kiatu kimoja. Yalikuwa safi na ya baridi. Casilda alichovya kidole akaonja, kama anavyoonja mchuzi. Yalikuwa na chuma kidogo, na mnanaa kwa mbali, kwa sababu mnanaa uliota ukingoni mwa kisima cha kijiji tangu enzi za bibi zake. Alifuta kidole kwenye aproni.

"Soli ni nzima," alisema. "Na mshono mzima."

"Sasa tatizo nini?"

"Maji."

"Mama, hilo hata mimi nimeliona."

Don alipoondoka, Casilda alifanya ishara ya msalaba akachemsha maharage kwa maji yale. Kabla ya kula alijiuliza kama huo ni wizi. Alilitafakari jambo hilo kwa haki, kama anayejiandaa kuungama, akaona si wizi, kwani mtu hawezi kujiibia. Hapo ndipo hasira ilipompanda pamoja na mvuke wa sufuria, na sufuria ilipopoa yeye hakupoa.

Don Gumaro alikuwa na rafu nzima ya buti nyumbani kwake, akawa anazileta pea kwa pea zijaribiwe. Kila ngozi iliyapokea maji kwa tabia yake. Ndama ilijikaza mpaka adhuhuri, kisha ikaanza kudondosha kwenye mshono wa soli. Mbuzi, ambayo ni laini na hupendwa na wenye miguu ya kuuma, ilivimba kama tumbo la mja mzito. Chatu haikufika hata adhuhuri: magamba yaliinuka yote, ingawa Casilda alikuwa akiyapangusa kwa kufuata yanakolalia, na yakabaki sakafuni kama maganda ya vitunguu. Mamba Don hakuwa nayo. Casilda alikuwa nayo pea moja, ya mteja aliyevuka mpaka kwenda kaskazini asirudi. Jumapili baada ya misa alimimina humo maji ya beseni, akayaacha. Alhamisi yalikuwa yamo bado, na nje kulikuwa kukavu kama mkate wa juzi. Mamba amezaliwa majini, na ngozi yake haioni ajabu kuwa na maji upande mmoja.

Hilo Casilda hakumwambia mtu.

Wiki moja kabla ya Pasaka Don Gumaro alikuja bila buti mkononi. Sikukuu ya Mtakatifu Isidori Mkulima ilikuwa inakaribia, siku ambayo sanamu ya mtakatifu hubebwa kwenye machela kupitia mashambani kuomba mvua, na wanaume wote huvaa buti zao bora. Mti wa mbele wa machela ulikuwa wa Olivas tangu enzi za babu yake.

"Mbele ya watu wote, Mama. Siwezi kuwa natiririka kama mtoto aliyejikojolea. Nishonee pea mpya. Ngozi ipi ni nzuri kupita zote?"

"Mbuni," alisema Casilda, na ilikuwa kweli. "Inalainika siku ya kwanza ile ile, haibani, haichoki. Na vile vidoti vyake, mtu anakutambua ukiwa bado mbali."

"Na kitu cha bei mbaya hakivuji."

Casilda alikuwa ameinama akipima unyayo wake. Hakujibu kwa kuwa hakuulizwa.

Jirani yake, Nicolasa, mjane mwenzake aliyefuga mbuzi na kuuza jibini, aliikuta ngozi imetandazwa mezani.

"Mbuni? Kwa yule? Shoga, si ungemshonea ya punda, angalau wafanane."

"Iinue kwenye mwanga."

Nicolasa aliinua. Kila kidoti kilikuwa mahali ambapo unyoya uling'olewa, na katika kila kidoti jua lilipenya kwa nukta ndogo kama ncha ya sindano. Alitazama ngozi, akamtazama Casilda, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Ee Mungu wangu. Atakuwa chujio!"

"Watu wataona," alisema Casilda. "Wakishaona, wataondoka naye pale pale mpaka kwenye pampu, na zitazimwa."

"Na wasipoondoka?"

"Waache kuondoka kwa nini? Ni maji yao."

Alizishona kwa msharasi wa Hermilo, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Hakushona kwa uzembe hata tundu moja. Alikaza soli kwa vijiti vya mti, akanyoosha shingo za buti, akapitisha uzi mara mbili pale ambapo wengine hupitisha mara moja. Kazi mbaya ingekuwa uongo, na uongo ni dhambi. Alitaka zisivuje mahali pengine popote ila pale ambapo mbuni mwenyewe alitobolewa.

Siku ya sikukuu Padre Efrén alitangulia na chetezo. Don Gumaro alifuata chini ya mti wa mbele, kofia begani, kifua mbele. Kanzu ndogo ya mtakatifu ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi na kina mama kwa maji ya lori. Watu walianza litania. Hawajafika hata kwenye lango la makaburi, buti zilianza. Maji yalichomoza kwanza kama jasho, kisha yakaruka kutoka kwenye kila kidoti, vijito vyembamba kama nyuzi, pande zote, mbele na nyuma. Vumbi la njia likawa tope. Waliokuwa nyuma walikanyaga kwenye nyayo zake zilizojaa maji, wakaendelea kuimba, na kina mama wakainua sketi kidogo.

Nicolasa ndiye aliyetoka kwenye mstari. Aliinama, akachota kwa kiganja kutoka kwenye unyayo, akaonja, akatema mchanga.

"Haya maji ni ya kisima chetu!" alisema kwa sauti. "Jamani, hamsikii mnanaa? Ni ya kisima chetu haya!"

Litania ilikatika. Machela ilisimama. Don Gumaro aligeuka mwekundu mpaka masikioni, lakini hakuweza kuuachia mti.

Casilda alikuwa ameyangoja maneno yake tangu Kwaresima, na aliyasema bila kutetemeka. "Ni yetu. Anayavuta kwa pampu kule nyuma ya kilima, yanapita chini ya nyumba zetu yakienda kwa miti yake. Hayo mnayoyaona ni yaliyomshinda kuficha. Twendeni tukazizime."

Hakuna aliyebisha. Walimtazama Don, wakatazama buti, na kwa muda mfupi Casilda aliona nyuso zao zikikaza kama alivyotaka zikaze. Kisha mzee Chon, aliyekuwa na wajukuu wanne nyumbani na pipa tupu, akavua kofia.

"Basi yamerudi," alisema.

Akapiga goti, akaikinga ile kofia chini ya kisigino cha Don Gumaro. Ilijaa upesi. Mwingine akatoa chupa. Mwanamke mmoja akamwaga chini maua yaliyokuwa kwenye ndoo ya madhabahu na kuja na ndoo. Walisukumana kwa adabu, kama watu wa kanisani wanavyosukumana.

"Mnaomba nini nyie?" Nicolasa aliwauliza. "Mtu kakuibia mbuzi, unamshukuru kwa kikombe cha maziwa?"

"Nicolasa, si leo," alisema Padre Efrén. Alikuwa na kiu yeye pia. Akainua mkono, akasema kwamba Mtakatifu Isidori ameisikia sala ya Tres Jarros, na amejibu kwa miguu ya mwanawe Gumaro. Watu wakaitikia amina. Wekundu ulimtoka Don Gumaro usoni polepole. Akajinyoosha. Kisha akasogeza mguu wa kushoto kidogo kwa upande, ili na wale waliokuwa wameminywa kwenye ukuta wa makaburi wapate.

Kwenye pampu hakwenda mtu.

Mwezi Juni afisa wa wilaya alikuja, akakuta foleni kwenye ukumbi wa kanisa. Don Gumaro alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, miguu juu ya ubao wenye mfereji, akivichezesha visigino ili maji yaje. Kuvua buti mbele za watu hakutaka, aliona si heshima. Afisa alipewa glasi. Alikunywa, akasifu ule mnanaa. "Basi nyie hamna shida," alisema. "Mmeshapata chanzo." Kijiji hakikuhamishwa. Lori nalo halikuja tena.

Tangu hapo zamu ya maji ilikuwa Jumatano na Jumamosi. Watu walibusu mkono wa Don Gumaro kabla ya kukinga, jambo ambalo hakuliagiza wala hakulikataza. Aliyemchukiza alijikuta mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni mara nyingi Don alikuwa ameshachoka. Nicolasa alikaa nyumbani majuma mawili kwa hasira. Mbuzi wake wawili walipokufa alikuja na chupa, akabusu mkono, na hakumtazama Casilda alipopita. Nyuma ya kilima watu wa Don walichimba kisima kingine, kirefu zaidi, kwa sababu pekani zilikuwa zimekua na kutaka maji zaidi.

Casilda alikwenda kila Jumatano na kila Jumamosi. Kijiji kilimpa kazi ya kuzitunza zile buti, na Padre aliitangaza kazi hiyo kanisani kama heshima. Alipiga magoti juu ya saruji, mahali ambapo mtu angeweza kufikiri anasali, akaipitia ngozi kidoti kwa kidoti. Jumamosi moja ya Agosti alikuta nyufa.

"Zinapasuka, Don. Mbuni haitaki mafuta mengi, lakini inataka kupumzika. Zikae kavu juma moja kivulini, nizipake, zitadumu miaka."

Foleni ilimsikia.

"Juma zima, Mama Casilda?" alisema mzee Chon. "Tutakunywa nini?"

"Mama, usitufanyie hivyo," mwanamke mmoja aliita kutoka nyuma. "Nina mtoto mchanga hapa."

"Zipake hivyo hivyo mbichi!"

Ngozi mbichi haipakwi mafuta. Hilo Casilda alifundishwa kabla ya kufundishwa kushona. Alitazama zile nyuso, zote za watu aliowajua kwa majina ya ubatizo, na hakuona hata mmoja wa kumkasirikia kwa haki. Akafungua kopo. Maji yalimpita katikati ya vidole, baridi, yakinukia utoto wake.

"Na pampu, Don?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Unazizima lini?"

Don Gumaro aliinama kidogo kumsikia vizuri. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa na subira ya mtu anayeongea na wazee.

"Pampu zimekukosea nini, Mama? Maji si haya hapa?"

Akamnyooshea mguu wa pili. Casilda akaupokea.